Dari inavuja, soketi inatoa cheche na mwenye nyumba kila siku anasema "wiki ijayo": nisimamishe kodi?

Swali la msomaji: Habari mtaalamu. Nimepanga kwenye ghorofa, nina mtoto mdogo. Miezi mitano sasa dari ya bafuni inavuja, maji yanatoka kwa jirani wa juu, na doa limeshafika chumba cha kulala. Ukutani kumeota ukungu mweusi. Soketi ya jikoni inatoa cheche nikichomeka birika. Kila nikimpigia mwenye nyumba anasema fundi anakuja wiki ijayo, nikimuuliza wakala ananiambia niongee na mwenye nyumba. Mara ya mwisho mwenye nyumba kaniambia ukungu ni kwa sababu sifungui madirisha. Nimechoka. Mwezi huu nataka nisilipe kodi mpaka atengeneze. Niko sahihi? Na kama siko sahihi nifanye nini?

Jibu:

Pole sana dada. Kabla ya kodi na kabla ya mwenye nyumba, naomba uinuke uende kwenye ile soketi. Usichomeke kitu pale tena, kuanzia leo. Kwenye sanduku la umeme tafuta swichi inayoihudumia uizime, kama hujui ni ipi zima ya soketi zote za jikoni mpaka fundi umeme anayejulikana aifungue aitazame. Cheche ndogo ya mara moja moja unapochomoa kitu kikiwa bado kinafanya kazi inaweza ikawa kawaida, ila cheche kila ukichomeka, au soketi ukiigusa ni ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi, au kuna harufu ya kuungua, hapo kuna waya umelegea ndani au vishikio vya soketi vimechoka, na pale palipolegea ndo joto linapojikusanya mpaka plastiki inashika moto. Birika linavuta umeme mwingi kuliko karibu kila kitu kingine jikoni ndo maana unaiona kwenye birika na sio kwenye chaji ya simu.

Alafu tazama doa la dari liko wapi. Kama liko karibu na taa, zima swichi ya taa hizo kule kwenye sanduku na usiiwashe hata kama inawaka vizuri tu. Na kama dari imeanza kuvimba au kushuka, maji yamejaa juu yake, mtoto asilale chini yake hata usiku mmoja, hamisha kitanda.

Nimeanza na hayo kwa sababu nimekaa miaka upande wa usimamizi wa nyumba kabla sijaanza kuwashauri wapangaji, na najua kabisa simu kama zako zinavyosikika upande wa pili. Mpangaji anapiga anasema "nyumba ina matatizo mengi, dari, ukungu, umeme, yaani nimechoka", na anayesikiliza anachoshika ni kwamba umechoka. Hashiki kwamba kuna kitu kimoja kinaweza kuua mtu usiku huu, kingine kinaharibu jengo lake kila siku, na cha tatu kinaweza kusubiri wiki mbili tatu. Vyote vimeingia kwenye fungu moja linaloitwa malalamiko, na malalamiko hayana tarehe ya mwisho. Kazi yako kuanzia sasa ni kuyatoa kwenye fungu hilo, kila ubovu usimame wenyewe, kwa maandishi, ukiwa na tarehe yake na siku yake ya mwisho.

Sasa kodi. Hapana dada, usisimamishe, angalau sio hivi unavyotaka kufanya. Najua inauma kulipia nyumba inayokuvujia, na sikulaumu hata kidogo kwa kuwaza hivyo. Lakini angalia kinachotokea ukiacha kulipa: leo hii yeye ndo mwenye deni kwako, anadaiwa matengenezo. Siku kodi ikipita bila kulipwa na wewe unakuwa na deni kwake, na deni lako ni rahisi sana kuthibitisha kuliko lake, anatoa tu daftari la malipo na mwezi mmoja hauna kitu. Nchi nyingi sheria inachukulia kodi na matengenezo kama wajibu miwili tofauti, yaani yeye kuvunja wake hakukupi moja kwa moja ruhusa ya kuvunja wa kwako. Anaweza kwenda kuomba uondolewe kwa kutolipa kodi, na kule mbele hadithi ya dari unaisimulia ukiwa tayari upande wa kujitetea.

Kuna sehemu sheria inaruhusu, ni kweli, na watu wanasikia habari za huko wanadhani ni kila mahali. Jimbo la California kule Marekani kwa mfano mpangaji anaweza kutengeneza mwenyewe ubovu unaoifanya nyumba isikalike alafu akakata gharama kwenye kodi, lakini tazama masharti yake: gharama isizidi kodi ya mwezi mmoja, asifanye zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 12, ubovu usiwe amesababisha yeye, na kabla ya yote awe amempa mwenye nyumba taarifa na muda wa kutosha, ambapo siku 30 ndo zinahesabiwa kuwa za kutosha isipokuwa pawe na dharura inayotaka muda mfupi zaidi. Kwa hiyo hata pale ambapo mlango huo upo, huwezi kuupita bila taarifa ya maandishi. Kama unataka kutumia njia hiyo, kwanza muulize mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria ya huko uliko kama sheria yenu inairuhusu, na wakikwambia ndiyo waulize pia hela inakaa wapi wakati mnasubiri, maana baadhi ya sehemu unatakiwa uiweke mahakamani au kwenye akaunti maalumu, sio kuitumia.

Mpaka upate jibu hilo, lipa kodi kwa tarehe yake, kwa njia inayoacha alama, benki au simu, sio pesa mkononi. Kwenye maelezo ya malipo au kwenye meseji inayofuata andika "nimelipa kodi ya mwezi huu, matengenezo niliyotoa taarifa bado hayajafanyika". Mpangaji asiyedaiwa hata senti ana nguvu ambayo watu hawaithamini mpaka siku wako mbele ya msuluhishi.

Haya, tuje kwenye kitu chenyewe, taarifa. Umesema unampigia. Miezi mitano ya simu, na mi nakuamini, lakini tukiambiwa tuthibitishe una nini? Orodha ya simu inaonesha mliongea, haioneshi mliongea nini. Na hili sio jambo dogo. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1973, O'Brien dhidi ya Robinson, dari ya chumba cha kulala iliwaangukia wapangaji ikawaumiza, wakamshtaki mwenye nyumba. Kesi ikapanda mpaka ngazi ya juu kabisa ya rufaa, na wakashindwa, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa amepewa taarifa ya ubovu ule. Dari imeanguka kweli, watu wameumia kweli, na bado wajibu wake wa kutengeneza ulikuwa haujaanza kuhesabika. Sheria za nchi zinatofautiana ila wazo hilo utalikuta sehemu nyingi: saa ya mwenye nyumba inaanza kuhesabu siku anapojua. Sasa wewe unataka uweze kuonesha siku hiyo ni ipi bila kubishana na mtu.

Kwa hiyo leo usiku andika. Baruapepe ni nzuri zaidi kwa sababu inabaki na tarehe na haifutiki upande wa pili, wasap inafaa pia ila piga skrinishoti na hifadhi mahali pengine nje ya simu, na kama mkataba wenu unasema taarifa ziende kwa barua basi peleka na barua, nakala moja asaini kwamba amepokea au itume kwa njia yenye risiti. Mtumie mwenye nyumba na wakala kwa pamoja, kwenye ujumbe mmoja wenye majina yote mawili, maana huo mchezo wa "ongea na fulani" unawezekana tu pale unapoongea nao mmoja mmoja. Tazama mkataba nani kaandikwa kama mpangishaji, huyo ndo mwenye wajibu, wakala yupo kwa niaba yake, na akipokea wakala mara nyingi inahesabika amepokea yeye.

Usiandike kwa hasira na usiandike historia yote. Mi ningeandika hivi, uibadilishe ifanane na hali yako:

"Ndugu mwenye nyumba na ndugu wakala. Hii ni taarifa ya maandishi kuhusu ubovu tuliouongelea kwa simu tangu ulipoanza miezi mitano iliyopita. Kwanza, soketi ya jikoni upande wa kushoto wa sinki inatoa cheche kila ikichomekwa kitu. Nimeacha kuitumia na nimeizima. Ni hatari ya moto, naomba fundi umeme aje ndani ya saa 24. Pili, dari ya bafuni inavuja na maji yameenea mpaka chumba cha kulala, doa saivi lina upana wa karibu mita moja. Naomba ndani ya siku saba aje fundi kutafuta chanzo na nipewe tarehe ya kazi. Tatu, ukuta wa chumba cha kulala una ukungu mweusi unaofuata lile doa la maji, naomba ushughulikiwe mara baada ya uvujaji kuzibwa. Picha na video zimeambatanishwa. Nipo nyumbani kila siku jioni na Jumamosi mchana kutwa, na siku nyingine nikiambiwa siku moja kabla nitapanga mtu wa kufungua mlango. Kodi yangu imelipwa mpaka mwezi huu. Naomba jibu kwa maandishi."

Umeona hakuna tishio humo? Halihitajiki kwenye barua ya kwanza. Ila kuna mahali, kuna kipimo, kuna muda, kuna picha, na kuna saa za kufungua mlango, na hicho cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana kwa sababu utetezi unaosikika sana kwa wenye nyumba ni "fundi alikuja hakumkuta mtu" au "mpangaji alikataa kufungua". Ukishaandika saa zako hiyo imekufa. Na fundi akija mfungulie kweli, hata kama umekasirika, hata kama kaja siku ambayo hukuitaka. Mpangaji anayezuia fundi anaua kesi yake mwenyewe.

Akikupigia simu badala ya kukujibu kwa maandishi, pokea, ongea vizuri, alafu ukishakata mtumie meseji: "Asante kwa simu ya leo, tumekubaliana fundi anakuja Alhamisi saa nne asubuhi kuangalia dari." Asipobisha, hayo ndo makubaliano. Alhamisi ikipita bila fundi, jioni hiyohiyo andika mstari mmoja tu: fundi hakuja, naomba tarehe mpya. Usilalamike, weka tu kumbukumbu. Ukifanya hivi wiki tatu nne unakuwa na karatasi moja inayosomeka kuanzia juu mpaka chini na mtu yeyote asiyekujua anaelewa nani anakwepa.

Picha: piga ya mbali inayoonesha chumba kizima alafu ya karibu, na kwenye ya karibu weka rula au kitu chenye ukubwa unaojulikana. Zungushia doa mstari wa penseli na uandike tarehe pembeni yake, wiki ijayo ukiona doa limepita mstari piga tena. Hiyo ni silaha ya bure kabisa na sijaona mwenye nyumba akaibishia. Tunza na risiti za vitu vilivyoharibika, godoro, nguo, na kama mtoto ameanza kukohoa au kupumua kwa shida mpeleke hospitali kwa ajili yake kwanza, na mwambie daktari wazi kwamba mnalala chumba chenye ukungu, aiandike kwenye faili.

Sasa hili la madirisha, nataka tulikae nalo kidogo maana ndo jibu wanalopewa wapangaji wengi na wengi wanalimeza. Unyevu ndani ya nyumba una vyanzo vitatu vikubwa na kila kimoja kina alama zake. Mvuke wa ndani, yaani wa kupika, kuoga, kuanika nguo, na hata pumzi za watu, unaganda kwenye sehemu za baridi: vioo vya madirisha, pembe za kuta za nje, nyuma ya kabati ambapo hewa haipiti. Unyevu unaopanda kutoka chini unaanzia sakafuni na kwa kawaida haupiti sana mita moja, na unaacha unga mweupe wa chumvi ukutani, huo ni wa nyumba za chini na nadhani kwako haupo kabisa. Cha tatu ni maji yanayoingia, ya bomba au ya mvua, na yenyewe yanaacha doa lenye ukingo wa kahawia, linakua kutoka sehemu moja, rangi inabanduka, plasta inalainika. Ulivyoeleza wewe, ukungu unafuata doa la dari. Hiyo sio habari ya madirisha.

Na unaweza kumthibitishia bila gharama. Kata kipande cha karatasi ya foili au plastiki, kausha uso wa ukuta, kibandike kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne pasiwe na upenyo, kiache siku moja mpaka mbili. Maji yakiwa upande wa nje unaotazama chumba, ni mvuke wa ndani. Yakiwa upande wa nyuma uliogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Rekodi video ukikibandua. Kipimo hiki sio cha maabara lakini kinatosha kubadilisha maongezi. Madirisha bado fungua, hasa mkishaoga na kupika, ili asiwe na pa kushika.

Ongea pia na jirani wa juu, kwa upole, yeye anaweza hata asijue. Muulize wanaoga saa ngapi uandike kwako inavuja saa ngapi. Kama inadondoka muda wote usiku na mchana, basi ni bomba la maji yanayoingia, lile lenye presha, na hapo hata mita inaweza kukuambia: wafunge mabomba yote, wasome mita, wasubiri saa mbili bila kutumia maji, ikiwa imesogea kuna maji yanapotea. Kama inavuja tu wakati wanaoga au muda mfupi baadae, basi ni bomba la maji machafu au sakafu ya bafu lao imefungua kwenye viungo vya vigae, na ukiona hivyo ina maana kazi ni ya juu kwao na fundi anayekuja kupaka rangi dari yako anapoteza muda wa kila mtu. Kama inavuja siku za mvua tu, ni paa au ukuta wa nje. Ukiandika hili kwenye taarifa yako ya pili fundi anajua pa kuanzia na mwenye nyumba anakosa sababu ya "tunachunguza". Na kama nyumba ya juu ina mmiliki mwingine, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba wako kumfuata mwenzake, wewe mkataba wako ni na yeye.

Usikubali wapake rangi juu ya ukungu. Nalisema hili kwa uzito wote. Rangi inaficha, haiui, na maji yakiendelea ukungu unatoka tena. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa ametoa taarifa tangu 2017 na akaambiwa apake rangi juu yake. Shirika lililowapangisha liliona chanzo ni namna familia inavyoishi, ni maneno yaleyale unayoambiwa wewe. Uchunguzi wa kifo ukamalizika Novemba 2022, na kutokana nao ikapatikana sheria yenye jina lake ambayo tangu tarehe 27 Oktoba 2025 inawabana wapangishaji wa nyumba za jamii, yaani zile za kodi nafuu za halmashauri na mashirika, kule England: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kuisha. Hukai huko na sheria hiyo haikuhusu, ila ukitafuta kipimo cha muda ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukuita msumbufu, hicho hapo.

Ukungu wenyewe, kama eneo ni dogo, chini ya mita moja kwa moja hivi, unaweza kuusafisha kwa maji na sabuni ukiwa umevaa glavu na barakoa, mtoto akiwa chumba kingine, alafu ukaushe kabisa. Piga picha kwanza kabla hujagusa. Usichanganye dawa ya kung'arishia nguo, ile ya aina ya jiki, na dawa nyingine ya usafi, baadhi ya michanganyiko inatoa gesi ya sumu. Kama ni bodi ya dari iliyolowa na kuota ndani, hiyo haisafishiki inabadilishwa. Na yote haya ni ya muda tu, kitu kilicholowa kikikaa kati ya saa 24 na 48 bila kukauka ukungu unaanza, kwa hiyo bila kuziba maji utasafisha milele.

Haijalishi mkataba unasema "mpangaji atafanya matengenezo madogo". Taa iliyoungua, koki inayohitaji washa (raba ya ndani) mpya, kitasa ulichovunja wewe, sawa. Mabomba ndani ya ukuta, nyaya, dari, paa, hayo sio madogo, na sehemu nyingi sheria inamwachia mwenye nyumba hata mkataba ukijaribu kusema vingine. Soma mkataba wako ila usiogope sentensi moja.

Sasa tuseme umeandika, siku zako zimepita, kimya. Andika ya pili, fupi, inayorejea ya kwanza kwa tarehe yake, mpe muda mfupi zaidi, na humo ndo useme hatua inayofuata: kwamba baada ya tarehe fulani utaomba ukaguzi wa mamlaka inayohusika na utawasilisha shauri. Taja tu kile ambacho kweli utakifanya. Tishio usilolitekeleza linamfundisha kwamba unaweza kusubirishwa. Kwa soketi usingoje hata hiyo barua ya pili, saa 24 zikipita bila jibu, kama unamudu leta fundi umeme mwenye leseni, aifunge iwe salama tu, akuandikie kwa mkono wake alichokikuta na gharama, na uitume kwa wote wawili ukiomba urejeshewe. Usiikate kwenye kodi kabla hujajua sheria yenu. Kwa ubovu wa hatari ya moto ni watu wachache watakaosema ulikosea, na karatasi ya fundi asiye na upande ina uzito kuliko meseji zako ishirini.

Pa kwenda inategemea uliko, ila karibu kila mahali kuna sehemu kama tatu: serikali ya mtaa au halmashauri kwa watu wa afya na majengo, ambao wanaweza kuja kukagua na kuandika ripoti, baraza au mahakama ya mashauri ya nyumba, au mahakama ya madai madogo ambapo mara nyingi huhitaji wakili, na msaada wa kisheria wa bure. Mi ningeanza na mkaguzi. Wenye nyumba wengi wanaosema wiki ijayo kwa miezi hupata fundi haraka sana wakisikia kuna ripoti ya serikali inaandikwa juu ya jengo lao. Na waulize majirani, sidhani kama wewe peke yako unavujiwa, taarifa iliyosainiwa na nyumba nne ina sauti nyingine kabisa, na ni vigumu kumfukuza kila mtu.

Najua unaogopa hilo, kufukuzwa au kupandishiwa kodi kwa sababu umesema. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaki kuidharau. Baadhi ya sheria zinakataza kulipiza kisasi, California niliyoitaja inazuia kumwondoa mpangaji au kumpandishia kodi kwa kisasi ndani ya siku 180 baada ya kulalamika, mradi hadaiwi kodi. Umeona kodi inavyorudi tena? Uliza kwenu ikoje kabla hujatuma barua ya pili, na angalia mkataba wako unaisha lini, kama umebaki mwezi mmoja tu ukae ukifikiria kama unataka kubaki pale au unataka urudishiwe amana yako na uondoke kwa heshima, ni mapambano mawili tofauti. Usihame ghafla tu bila ushauri, unaweza kudaiwa kodi ya miezi iliyobaki.

Na ukiongea naye, mwambie kwa lugha yake. Yeye hasikii ukungu, anasikia hasara. Maji yakipita kwenye zege kwa muda mrefu yanafika kwenye nondo, nondo zinapata kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na inapasua zege kutoka ndani. Bomba la leo ni kazi ya siku moja, dari na nondo ni kazi ya wiki nzima na nyumba tupu isiyoingiza kodi. Nimeona wenye nyumba waliokuwa wagumu kabisa wakilegea kwa hoja hiyo pale hoja ya mtoto ilipowaacha baridi, inasikitisha lakini itumie.

Fundi akija kwa dari, muulize kabla hajaanza: umeona chanzo? Kama jibu ni hapana au anashika kopo la rangi, mwambie kwa upole asubiri na umpigie mwenye nyumba palepale. Akimaliza, usisaini popote wala usijibu "asante imekamilika" siku hiyohiyo. Andika "fundi amekuja leo amefanya hivi na hivi, nitathibitisha baada ya wiki mbili", acha jirani waoge kama kawaida yao, tazama ule mstari wako wa penseli, na kwa soketi hakikisha fundi ameichomekea kitu kinachovuta umeme mwingi na kuipima mbele yako. Wiki mbili zikipita pakavu, ndo umwandikie kwamba dari imepona, na umkumbushe bodi iliyooza na rangi bado.